Kusafisha injini ya gari nyumbani kwa usalama: mwongozo kamili

Fungua boneti ya gari lililozunguka Dar es Salaam miaka miwili bila kusafishwa ndani. Utakuta vumbi limenyonya oili mpaka likawa tope jeusi, majani ya mwarobaini yamejaa chini ya kioo cha mbele, na vichwa vya betri vimeota unga mweupe uliochanganyika na kijani. Tope hilo linaficha oili inayovuja, linaficha waya uliotafunwa na panya, na linazuia joto lisitoke. Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kusafisha injini ni kutaka kuiona ilivyo. Kung'aa ni ziada.

Kinachonisikitisha ni namna kazi hii inavyofanyika sehemu nyingi za kuoshea magari. Gari linafika likiwa bado la moto, boneti inafunguliwa, injini inapuliziwa dizeli au mafuta ya taa, kisha mashine ya presha inaelekezwa katikati yake. Gari linatoka linameremeta. Kesho yake asubuhi linatetemeka, taa ya cheki injini inawaka, na mwenye gari anaanza kutafuta koili za kununua, yaani vile vifaa vinavyozipa plagi umeme wa kupiga cheche. Hasara yote hiyo inaepukika, na kazi yenyewe mtu anaweza kuifanya uani kwake kwa nusu siku.

Injini ni chuma na alumini, haiogopi maji. Gari hukimbia mvuani na kupita madimbwini kila masika. Kinachodhurika ni vifaa vya umeme vilivyoizunguka: koili, alteneta inayochaji betri, boksi la fyuzi, sensa na soketi zake. Maji ya mvua hutokea chini na pembeni, kwa nguvu ndogo, na gari limetengenezwa likijua hivyo. Presha ya mashine hutokea juu, karibu, na hupenya kwenye sili ambazo hazikuwekwa kupambana nayo. Shika kanuni moja: maji machache, mkono mwingi.

Nitatumia mfano wa injini ambayo wengi wetu tunayo, 1NZ-FE ya cc 1500, iliyomo kwenye IST, Vitz, Spacio, Raum, Probox na Allion nyingi. Ukiielewa hiyo, nyingine hazitakusumbua.

Magari ya kutomwagia maji kabisa

Haibridi kama Aqua na Prius yaweke kando. Waya zile nene za rangi ya chungwa zinabeba umeme unaoweza kuzidi volti 500, na inveta yake, boksi linalobadilisha umeme huo, imekaa humo humo ndani ya boneti. Zaidi ya hayo, gari la haibridi likiwa limewashwa linaweza kuwa kimya kabisa, halafu injini ikajiwasha yenyewe mikono yako ikiwa ndani. Gari la namna hii lizime kabisa, peleka funguo ndani ya nyumba, kisha lisafishe kwa brashi kavu na kitambaa chenye unyevu tu. Usiguse waya wa chungwa wala soketi yake.

Gari lenye waya zilizoungwa ungwa kwa tepu, labda kwa sababu ya alamu, taa za ziada au injini iliyobadilishwa, nalo lisafishe kwa kitambaa mpaka fundi umeme atakapozipanga vizuri. Vivyo hivyo gari ambalo halina kifuniko cha boksi la fyuzi. Kwenye gari la zamani lenye distributa (kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi), kama Corolla 100, unaweza kutumia maji kidogo, lakini distributa na waya za plagi vifunikwe kuliko kitu kingine chochote.

Vifaa

Unahitaji brashi mbili za kupakia rangi, moja ya inchi 1 na nyingine ya inchi 2, mswaki wa zamani, vitambaa vingi vya pamba, ndoo mbili, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, na spana namba 10. Kwa maji, kifaa kizuri kuliko vyote ni bomba dogo la mkono la kunyunyizia dawa za bustani. Linatoa maji kwa nguvu ya kiasi unachokitaka na mahali unapopataka. Liwe jipya, au lile ambalo halijawahi kuwekwa dawa ya wadudu.

Vya kufunikia: mifuko ya rambo imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na Kenya tangu Agosti 2017, lakini nailoni nyembamba ya kufunikia chakula inapatikana dukani na inafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu inajishika yenyewe. Glavu ya mpira iliyokatwa vidole nayo inafaa kuvalisha soketi. Ongeza tepu na raba bendi chache.

Sasa sabuni, ambapo watu wengi hukosea. Kwa uchafu wa kawaida, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko viwili kwa lita moja ya maji, inatosha. Kwa tope la oili lililoganda, nunua dawa ya kuondolea grisi ya magari, ile inayochanganywa na maji, na ufuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Sabuni ya unga iache, ina magadi makali na inabaki kwenye mianya. Chochote chenye kostiki soda ni marufuku, maana kinakula alumini, na kichwa cha injini yako ni alumini.

Petroli usiilete karibu kabisa. Mvuke wake unawaka hata kwenye baridi kali, ni mzito kuliko hewa kwa hiyo unatulia chini ya gari, na cheche moja ya betri inatosha. Mafuta ya taa na dizeli hayawaki upesi hivyo, lakini ubaya wake mwingine ni wa polepole: hosi nyingi za maji ya rejeta zimetengenezwa kwa aina ya mpira usiopatana na mafuta. Ukizipaka dizeli kila mwezi zinavimba na kulainika, na siku moja hosi inapasuka ukiwa safarini. Ule mng'ao wa dizeli pia unakamata vumbi jipya, na baada ya wiki mbili gari ni chafu kuliko mwanzo.

Jambo moja la watu wa pwani: angalia maji yako. Visima vingi vya Dar, Mombasa na Unguja vina maji ya chumvi. Ukiyasuuzia injini, yanakauka na kuacha chumvi kwenye vichwa vya betri na sehemu za ethi, pale waya hasi zinapofungwa kwenye bodi, na kutu inaanza hapo. Sabuni unaweza kuchanganyia maji ya kisima, lakini suuzo la mwisho liwe la maji ya bomba au ya mvua. Lita nane zinatosha, kwa hiyo si gharama kubwa.

Kupoza na kuandaa

Anza asubuhi, saa mbili hivi, gari likiwa limelala usiku kucha. Jua la mchana litakusaidia kukausha. Kama gari limetoka barabarani, subiri saa moja na nusu au zaidi, na kwa gari la dizeli lenye tabo (turbo) ongeza muda. Kipimo ni mkono: weka kiganja juu ya tapeti kava, mfuniko wa juu kabisa wa injini. Ukiweza kukiacha hapo bila kuungua, anza. Maji ya baridi kwenye ekzosi ya moto yanaweza kuipasua, na sabuni ikigusa chuma cha moto inakauka papo hapo na kuacha madoa.

Egesha mahali tambarare penye kivuli cha asubuhi patakapopata jua baadaye, weka gia kwenye P, vuta hendibreki, toa ufunguo. Feni ya rejeta ya umeme kwenye baadhi ya magari inaweza kujizungusha hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo vidole visikae hapo. Watoto wawe mbali. Tazama kama kuna paka amelala ndani.

Chini ya gari tandaza mchanga au maranda ya mbao. Maji yatakayodondoka yana oili, na hayastahili kwenda kwenye mtaro wa jirani au kwenye bustani ya mchicha. Maranda yatanyonya, kisha utayazoa.

Je, utoe betri? Wengi wanashauri hivyo, na kwa jumla ni salama zaidi, lakini kwa magari yetu ya kutoka Japani nina ushauri tofauti. Redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga umeme ukikatika, zinaanza kuomba namba ya siri au kadi ya ramani iliyobaki Japani, na kuzifungua ni kazi ya kulipia. Vioo vya kupanda vyenyewe navyo hupoteza kumbukumbu. Kwa kiasi cha maji tunachotumia hapa, kufunika betri vizuri kunatosha. Ukiwa na sababu ya kuitoa, anza na hasi, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itapiga cheche kubwa.

Uchafu mkavu kwanza

Usilowanishe chochote kabla ya kutoa uchafu mkavu. Vumbi likishapata maji linakuwa tope na kuingia ndani zaidi. Okota majani yote kwa mkono, hasa yale yaliyo chini ya kioo cha mbele, kwenye mfereji wa plastiki wa waipa. Pembeni ya mfereji huo, kulia na kushoto, kuna matundu ya kutolea maji ya mvua. Yakiziba, maji yanarudi na kuingia kwenye njia ya hewa ya kabini (chumba cha abiria), na ndiyo maana kapeti la magari mengi hulowana mvua ikinyesha ingawa milango imefungwa. Safisha matundu hayo kwa kijiti laini mpaka yawe wazi.

Ukikuta nyasi zilizosokotwa, mabaki ya maandazi au maganda ya karanga juu ya injini, hicho ni kiota cha panya. Kitoe chote, kisha fuatilia waya zilizo karibu moja baada ya nyingine ukitafuta alama za meno. Waya uliochubuliwa ufungwe kabla maji hayajafika.

Kisha pitisha brashi kavu ya inchi 2 kila mahali, kuanzia juu kushuka chini. Mashine ya kufyonza vumbi ikiwepo, itumie.

Kufunika

Hapa usiharakishe. Kwenye 1NZ-FE, toa kwanza lile kava la plastiki lililo juu ya injini, kwa spana yako namba 10, ulioshe peke yake kwenye ndoo. Chini yake utaona koili nne zimepangwa mstari mmoja, kila moja imeshikwa na bolti moja. Koili hiyo imezama kwenye tundu refu, na mwisho wa tundu ndipo ilipo plagi. Tundu hilo ndilo chanzo cha matatizo mengi baada ya kuosha, kwa sababu maji yakiingia hayana pa kutokea. Piga brashi kavu kuzunguka kila koili, laza kitambaa kikavu juu ya zote nne, kisha funika kwa nailoni na ubane kwa tepu.

Baada ya hapo funika alteneta. Ina matundu ya kupitishia hewa, na ndani yake kuna kaboni na dayodi. Funika boksi la fyuzi hata kama mfuniko wake umefunga, betri, mdomo wa ea klina unaoingiza hewa kwenye injini, king'ora cha alamu, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) kama imo ndani ya boneti. Hakikisha mfuniko wa oili umekazwa, kijiti cha kupimia oili kimezama mpaka mwisho, na mfuniko wa mafuta ya breki umekaa sawasawa, kwa kuwa mafuta hayo hunyonya maji na yakishanyonya breki hupungua nguvu. Hesabu ulivyofunika na uviandike kwenye simu. Nailoni ikisahaulika karibu na mkanda, injini itaivuta ikiwashwa.

Kuosha

Usipulizie sabuni injini nzima kwa mara moja. Igawe: upande wa betri, upande wa mkanda, mbele kwenye rejeta, nyuma kwenye ukuta wa kabini. Maliza sehemu moja, suuza, hamia nyingine. Sabuni isikauke juu ya chuma wala plastiki.

Lowesha brashi kwenye sabuni badala ya kupulizia, hasa karibu na soketi. Anza chini, penye grisi nyingi, panda juu, ili sabuni chafu isitiririke juu ya sehemu kavu na kuchora michirizi. Acha dakika tatu hadi tano, sugua, rudia pale palipogoma. Kwenye kona za mauntingi (raba zinazoshikilia injini) na chini ya wota pampu tumia mswaki. Waya na soketi zifutwe kwa kitambaa chenye unyevu tu, ukizishika kwa mkono mmoja na kufuta kwa mwingine, bila kuzivuta.

Mkanda wa alteneta usiguswe na dawa ya grisi. Ukiona umelowa oili, kuufuta hakutauponya. Tafuta oili inatoka wapi, kisha ubadilishe mkanda.

Vichwa vya betri vyenye unga vina utaratibu wake. Fungua nailoni ya betri, changanya kijiko kimoja cha bekingi soda na kikombe cha maji, paka kwa mswaki. Itachemka povu kwa sababu inaua asidi. Povu likiisha, futa kwa kitambaa chenye maji safi, kausha, paka grisi nyembamba au vaselini. Vaa glavu na miwani, na mchanganyiko huo usiingie kwenye vifuniko vya seli za betri.

Rejeta inahitaji upole wa pekee. Mapezi yake ni membamba na hupinda hata kwa kidole. Nyunyiza maji kwa nguvu ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, ili wadudu na vumbi vitoke vilikoingilia. Usisugue.

Kusuuza ni kwa bomba la mkono, kutoka juu kwenda chini, bila kulenga chochote ulichofunika. Huna bomba hilo? Tumia mpira wa bustani wenye mtiririko mdogo, au kikombe na kitambaa. Sehemu ya juu ya injini, kuzunguka koili, haipati maji ya kumwaga hata kidogo. Isafishwe kwa kitambaa kilichokamuliwa.

Kukausha na kuwasha

Futa maji yote unayoyafikia. Ukiwa na kompresa ya hewa, vaa miwani na upulize kwenye mianya na soketi kwa umbali wa mkono mmoja. Ondoa vifuniko ulivyohesabu, ukianza na vya chini ili matone yasiangukie koili. Inua kitambaa cha koili na ukiguse: kiwe kikavu. Kikiwa na unyevu, fungua koili moja moja na umulike tochi kwenye tundu.

Acha boneti wazi juani kwa saa moja au mbili. Kisha washa, uache injini iungurume dakika kumi hadi kumi na tano boneti ikiwa wazi. Mvuke kidogo kutoka kwenye ekzosi ni kawaida, na mkanda unaweza kulia kwa dakika mbili tatu kisha ukanyamaza. Rudisha kava la plastiki, uendeshe mzunguko mfupi wa mtaa.

Plastiki zikiwa zimepauka, paka dawa ya plastiki ya msingi wa maji kwa kitambaa, usipulizie, na mbali na mkanda.

Gari likianza kumisi

Kumisi ni silinda kushindwa kuunguza petroli yake. Gari likitetemeka au taa ya cheki injini ikiwaka, zima. Usiliendeshe ukitumaini litakauka lenyewe: petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye kifaa cha kusafisha moshi na kukiharibu. Mashine ya dayagnosi itaonyesha P0301, P0302, P0303 au P0304, na tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda. Nenda kwenye koili ya silinda hiyo, bonyeza klipu ya soketi, fungua bolti, vuta koili juu. Ukiona maji, yanyonye kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti au yapulize kwa kompresa, kausha koili juani pamoja na mpira wake. Usifungue plagi wakati tundu bado lina maji, maana yote yatashuka ndani ya silinda. Mara nyingi gari linarudi sawa bila kununua chochote. Usikubali kubadilishiwa koili kabla hilo halijafanyika.

Kuisoma injini safi

Baada ya wiki moja ya kuendesha, fungua tena boneti na tochi mkononi. Sasa kila uvujaji una alama yake. Oili mpya chini ya ukingo wa tapeti kava, pamoja na harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni, maana yake gasketi ya kava imekufa na oili inadondokea ekzosi. Ukoko wa waridi karibu na wota pampu ni kulanti (maji maalumu ya rejeta) ya Toyota iliyokauka, na pampu hiyo imeanza kuchoka. Oili upande wa mkanda, chini kabisa, inaweza kuwa sili ya mbele ya krenki.

Piga picha kila alama na umpelekee fundi. Kwa tapeti kava, fundi akisema atakaza bolti tu, mkatalie. Raba ya gasketi ikishakuwa ngumu haizibi hata ukikaza vipi, na kukaza kupita kiasi huvunja bolti ndani ya alumini. Badilisha gasketi, na zile raba za matundu ya plagi zibadilishwe siku hiyo hiyo wakati kava limeshafunguliwa.